Kabla ya Kununua Fleti Mji Mkongwe, Anza na Ukuta wa Chini

Dalali akikupeleka kuona fleti ya kifahari katika Mji Mkongwe wa Unguja, mara nyingi atakupandisha moja kwa moja mpaka juu, kwenye baraza ya paani. Huko utaona bahari, majahazi, mapaa ya mabati yaliyobanana na minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Joseph. Upepo utakupiga usoni, na bei itatajwa papo hapo. Mkatalie kwa adabu. Mwambie unataka kuanzia chini kabisa, hata kama chumba cha chini ni ghala la mtu au duka la vitambaa ambalo halihusiani na fleti unayouziwa.

Nasema hivi kwa kuwa nataka Mji Mkongwe ukaliwe. Tangu mwaka 2000 mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na kila mwaka nyumba nyingine ya familia hugeuzwa kuwa hoteli. Mtu anayekuja na pesa zake kutaka kuishi Kiponda, Hurumzi au Sokomuhogo, akajuana na majirani na akachangia ukarabati, anaufanyia mji hisani. Lakini wanunuzi wengi, wawe Wazanzibari waliohamia Muscat na London au wafanyabiashara wa Dar es Salaam, hukagua fleti ya hapa kama wanavyokagua fleti mpya ya Fumba au Masaki: jiko, bafu, kiyoyozi, mandhari. Katika nyumba ya mawe iliyogawanywa mafungu sita au manane, hayo ndiyo ya mwisho kutazamwa. Unachonunua ni fungu lako la ukuta, paa, ngazi na karo la maji machafu, pamoja na watu ambao hukuwachagua. Kama nyumba nzima haiko salama, marumaru ya bafuni hayatakusaidia.

Basi tuanze na ukuta. Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, na unene wake ni nusu mita au zaidi. Jiwe la matumbawe lina vitundu. Hufyonza maji kutoka ardhini, na zamani liliyatoa tena hewani taratibu kupitia lipu ya chokaa. Matatizo yalikuja watu walipoanza kuamini kwamba saruji ndiyo maendeleo. Lipu ya saruji ni ngumu na haipitishi unyevu, kwa hiyo maji hubaki ndani ya ukuta, hupanda juu na kubeba chumvi, na chokaa iliyoshikilia mawe hugeuka unga. Ukuta wa namna hiyo unaweza kung'aa kwa rangi huku ndani umeshakwisha nguvu.

Ukifika chumba cha chini, pitisha kiganja ukutani. Kikitoka na unga mweupe, hiyo ni chumvi. Gonga lipu kwa kifundo cha kidole kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua. Mahali panapotoa sauti ya utupu, lipu imeachana na jiwe. Tazama kama kuna ukuta mmoja uliopakwa rangi mpya ilhali mingine ni ya zamani, na uulize kwa nini. Omba kabati lisogezwe. Kama kuta zimefunikwa kwa mbao au bodi za jipsamu, omba moja ifunguliwe. Muuzaji asiye na la kuficha hatakataa kufungua bodi moja kwa mtu anayetaka kulipa fedha nyingi kiasi hicho, na akikataa umekwisha kupata jibu.

Baada ya ukuta ni boriti. Vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba, kwa kawaida upana wa mita mbili na nusu hadi tatu, kwa sababu boriti za mikoko zilizobeba sakafu hazikupatikana ndefu kuliko hapo. Kipimo hicho cha mti ndicho kilichoamua umbo la mji mzima. Kwa hiyo ukiingizwa sebule yenye upana wa mita sita, iliyonyooka bila nguzo, usishangilie nafasi. Uliza: ukuta uliokuwa katikati ulikwenda wapi, nani aliutoa, kwa kibali gani, na sasa sakafu ya jirani wa juu inabebwa na nini? Yapo majibu mazuri, kwa mfano mhimili wa chuma uliopimwa na mhandisi na kulazwa sawasawa. Lipo pia jibu la kwamba fundi alisema itakaa. Hilo la pili liondoe moyoni mwako pamoja na sebule yenyewe.

Boriti huoza kuanzia ncha, pale inapoingia ukutani, kwa sababu ndipo unyevu unapokaa. Mchwa nao hupenda hapo hapo. Zilizo hatarini zaidi ni boriti zilizo chini ya mabafu. Nyumba hizi hazikujengwa zikiwa na bafu katika kila chumba cha kulala. Anayeigawa nyumba kuwa fleti huongeza mabafu sita mahali palipokuwa na mawili, na bomba moja linalovuja polepole nyuma ya vigae linaweza kumaliza boriti bila mtu kuona tone. Kwa hiyo ukague dari ya mtu aliye chini ya bafu lako, na sakafu ya bafu la mtu aliye juu yako. Utahitaji kubisha hodi kwa watu usiowajua. Bisha. Huo ndio mwanzo wa ujirani, na majirani watakueleza mengi ambayo dalali hayajui.

Mabadiliko mengine ya kutilia shaka ni zege zito lililopachikwa juu ya kuta za kale. Mtu huondoa boriti, humwaga sakafu ya zege lenye nondo, kisha huongeza ghorofa moja kwa ajili ya mandhari. Mzigo ule unakaa juu ya matumbawe na chokaa ambavyo havikuwekwa kwa kazi hiyo. Tafuta nyufa za mshazari juu ya milango na madirisha, na usimame kichochoroni utazame kama ukuta wa nje umetoka tumbo. Ufa wa zamani uliotulia si msiba. Unaopanuka ndio wa kuogopa, na njia ya kuujua ni rahisi: piga mstari wa penseli katika ncha zake, andika tarehe, pima upana, rudi baada ya wiki kadhaa.

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka ikiwa katika matengenezo, na watu wakapoteza maisha. Jumba lile lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883 lilikuwa jengo maarufu kuliko yote mjini. Nyumba isiyo na jina, iliyo ndani ya kichochoro, haitazamwi na macho mengi kiasi hicho, wala haina wafadhili. Anayenunua humo awe na macho yake mwenyewe, na aongeze ya watu wawili: mhandisi wa majengo, na fundi mzee wa chokaa. Mhandisi peke yake anaweza kuwa bingwa wa zege asiyejua matumbawe. Fundi peke yake hawezi kukuandikia ripoti itakayokubalika mbele ya wakili. Walipe wewe, wasilipwe na muuzaji. Ukilinganisha na bei ya fleti, gharama yao ni ndogo mno, na ripoti yao ndiyo utakayoitumia kuomba bei ipunguzwe.

Sasa unaweza kupanda paani, lakini usitazame bahari kwanza. Tazama matangi ya maji. Lita elfu moja za maji ni tani moja. Nyumba yenye fleti sita, kila moja na tangi lake la lita elfu mbili, imebebeshwa tani kumi na mbili mahali palipojengwa kubeba mwanga wa jua na watu wachache wanaopunga upepo. Uliza matangi yamekaa juu ya nini. Yakiwa juu ya kuta kuu, afadhali. Yakiwa katikati ya sakafu ya boriti, hiyo ni kazi ya kurekebishwa kabla hujalipa. Kisha fuata maji ya mvua kwa macho: yanatoka paa lipi, yanaingia mfereji upi, yanashuka kwa bomba gani, yanamwagika wapi. Paa lako likimwaga maji katika ukuta wa jirani, utarithi ugomvi ambao huenda umedumu miaka mingi.

Kwa ajili hiyo usiamue kiangazi. Mji Mkongwe wa Januari, jua kali na kuta kavu, huficha mengi. Njoo wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, siku ya pili ya mvua mfululizo. Ushauri wangu mkubwa, ambao wengi huupuuza kwa haraka ya kuogopa kupitwa, ni huu: panga kwanza. Kodi fleti hiyo hiyo, au nyingine ndani ya nyumba hiyo, kwa muda wa masika mazima. Utajua ukuta upi unalia, ngazi ipi inateleza, karo linafurika lini, jenereta linawekwa wapi na nani hulipia mafuta yake. Mwaka 2008, na tena kuanzia Desemba 2009, Unguja ilikaa gizani, mara ya kwanza kwa takriban mwezi mmoja na mara ya pili kwa miezi mitatu hivi, baada ya umeme unaotoka Bara kukatika, kwa hiyo suala la jenereta hapa si la anasa. Kodi ya miezi hiyo mitatu ya masika ihesabu kuwa sehemu ya bei.

Nije kwenye karatasi, ambako wengi zaidi wameumizwa kuliko na nyufa.

Ardhi ya Zanzibar, kwa sheria ya mwaka 1992, ni mali ya umma. Mtu hupewa haki ya kuitumia. Mambo ya ardhi si ya Muungano, kwa hiyo Mtanzania wa Bara asidhani taratibu alizozizoea Dar es Salaam au Arusha ndizo zitakazofuatwa Unguja. Sheria ya kondominia ya mwaka 2010 ndiyo iliyofungua njia ya fleti moja moja ndani ya jengo kuandikishwa kwa jina la mwenyewe, na ndiyo njia wanayopitia pia wageni, kwa masharti yake. Mzanzibari aliyechukua uraia wa Uingereza, Oman au Kanada akumbuke kwamba Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Huenda mjini anaitwa mwenyewe, mtoto wa fulani wa Malindi, lakini mbele ya sheria hadhi yake imebadilika. Wakili wake alifafanue hilo kabla ya senti moja kutoka.

Swali la kwanza kwa muuzaji liwe jepesi: je, jengo hili limesajiliwa kwa sheria ya kondominia, na fleti hii ina hati yake? Nyumba nyingi zimegawanywa kwa matofali tu. Kila chumba kina mlango, mita ya umeme na kufuli lake, lakini kisheria nyumba bado ni moja na jina kwenye kumbukumbu ni la mtu mmoja, pengine marehemu. Unachouziwa hapo ni makubaliano, hata yakipigwa mihuri mingapi.

Swali la pili ni la historia ya nyumba. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, nyumba nyingi za mji huu zilitaifishwa. Nyingine ni za wakfu, zilizowekwa na wenyewe zamani kwa ajili ya misikiti, maskini au kizazi chao, nazo ziko chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Nyumba ya wakfu haiuzwi kama mali ya mtu. Anayekaa humo ni mpangaji, hata kama familia yake imekaa miongo mitatu na imeshatumia mamilioni kuitengeneza. Ukiuziwa na mpangaji wa namna hiyo, umenunua ufunguo. Nenda mwenyewe, au mtume wakili wako, kwenye kumbukumbu za Kamisheni ya Ardhi na za Wakfu, na usitosheke na nakala uliyoonyeshwa kwenye simu. Kaonane pia na sheha wa shehia ile. Sheha hatoi hati, lakini anajua nyumba ipi ina kesi.

La tatu ni mirathi, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka. Nyumba ya Mji Mkongwe aghalabu ilikuwa ya babu. Babu alifariki, nyumba haikugawanywa. Mtoto wake mmoja naye akafariki, fungu lake likaenda kwa mjane na watoto. Mwingine yuko Dubai, mwingine Muscat, mwingine hajulikani alipo. Anayekuuzia ni mjukuu aliyebaki na funguo, kijana mwungwana, na huenda ndugu zake wote wanajua kwamba anauza. Kujua si kuridhia. Dai orodha ya warithi iliyothibitishwa na Kadhi au mahakama, na idhini ya maandishi ya kila mmoja, wanawake kwa wanaume. Walio nje wapeleke hati ya uwakala iliyoshuhudiwa rasmi. Katika orodha hizi jina linalosahaulika mara nyingi ni la shangazi. Akija kudai baada ya miaka mitano, haki yake itakuwa bado iko palepale, na wewe ndiye utakayekuwa ndani ya nyumba. Na hata sheria isingekuwepo, kuishi juu ya haki ya mtu aliyedhulumiwa si jambo la kujitakia.

La nne ni vibali vya ujenzi. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, ndiyo inayotoa ruhusa ya kubadili chochote, kuanzia dirisha mpaka ghorofa. Omba vibali vya ukarabati uliokwisha kufanywa, si ahadi za utakaofanywa. Ghorofa iliyoongezwa bila ruhusa inaweza kuamriwa ibomolewe, na ikibomolewa juu ya kichwa chako hasara ni yako. Kama mpango wako ni kupanua madirisha au kutundika viyoyozi mbele ya nyumba, ulizia kabla ya kununua. Nakuomba pia, kama mtu anayeupenda mji huu, uyaache madirisha yalivyo. Walioyapima hapo zamani walijua njia ya upepo.

Soma mkataba uone kilichoandikwa kuhusu vitu vya pamoja: kuta za nje, ngazi, uwa wa ndani, paa, karo, tangi la chini na mlango mkuu. Huo mlango uutazame kwa makini. Mlango wa nakshi wenye njumu za shaba unaweza kuwa na thamani kubwa, na pasipoandikwa kwamba ni mali ya jengo zima, siku moja mwenye fleti ya chini anaweza kumwita mnunuzi. Na baraza ya paani uliyoonyeshwa mwanzoni, je, ni ya fleti yako, ni ya wote, au ni ya mwenye fleti ya juu ambaye huwaruhusu wengine kwa hisani? Nimeona watu waliolipia bahari ambayo haikuwa katika mkataba wao.

Uliza kama kuna chama cha wamiliki, kisha omba daftari zake za miaka mitatu: nani amelipa ada, nani hajalipa, na kiasi gani kimewekwa akiba. Tuseme paa zima litahitaji shilingi milioni themanini, na fleti ni nane. Kama akiba ni sifuri, umenunua deni la milioni kumi lisiloandikwa popote. Mwenye fleti ya chini atasema paa halimhusu, na mwenye ya juu atasema ukuta wa chini haumhusu. Kanuni za kugawana gharama ziwe zimeandikwa na kusainiwa kabla hujaingia, kwa sababu ukishaingia kila mtu atakuwa na tafsiri yake. Kanuni hizo ziseme pia kuhusu wageni wa siku mbili tatu. Nyumba ambayo fleti tano kati ya nane hukodishwa kwa watalii haina wa kumwamsha usiku bomba likipasuka, na uchakavu wa ngazi zake ni wa hoteli huku ada yake ni ya nyumba ya kawaida.

Kuhusu maisha yenyewe sitasema mengi, kwani kila mtu anajijua. Gari halifiki mlangoni. Friji na kitanda vitabebwa na wachukuzi, na ngazi ni mwinuko mkali. Fikiria hayo kama unanunua kwa ajili ya mama yako. Gari la zimamoto nalo halipiti katika vichochoro vingi, kwa hiyo nyaya za umeme za jengo zima, si za fleti yako tu, zikaguliwe, na mitungi ya kuzimia moto iwekwe kila ghorofa. Misikiti ni mingi na adhana ya alfajiri itakufikia. Baraza ya nje itakuwa na wazee wanaozungumza, kahawa ikipita. Anayeona hayo ni kero asinunue hapa, kwa heri yake na ya wenyeji.

Fedha zilipwe kwa hatua, kupitia akaunti ya wakili, na fungu kubwa libaki hadi usajili ukamilike kwa jina lako. Usitoe arubuni kwa sababu umeambiwa kuna mnunuzi mwingine kutoka Ulaya anayefika Ijumaa. Kabla ya kusaini, pata kwa maandishi jibu la kampuni ya bima kama itakubali jengo la matumbawe, na la benki kama unakopa.

Ukishapewa funguo, usikimbilie kupamba. Mwaka wa kwanza tengeneza kinachovuja tu: paa, mifereji, mabafu. Bandua lipu ya saruji iliyooza chini ya kuta na uache jiwe lipumue miezi kadhaa, hata kama wageni wako wataona ukuta uchi. Ndipo umwite fundi wa chokaa apige lipu kwa tabaka nyembamba, akiilowesha kila siku isikauke kwa pupa, na amalizie kwa chokaa nyeupe. Rangi ya plastiki ibaki dukani. Kila masika rudi na penseli yako kwenye ule ufa, upime, uandike tarehe, na ripoti umpe katibu wa chama cha wamiliki.